Mkakati wa Mbuzi Elfu Tatu

Lamont Tidwell aliacha shule darasa la kumi, lakini Jumanne moja mjini Washington alipata udaktari wa falsafa kabla kahawa yake haijapoa. Meza ya jirani, mama mmoja wa makamo alikuwa akilalamika kwenye simu.

"Wiki tatu tu, na mkakati wa misaada ya Tarvania hatuna. Nipatie mtu anayeijua nchi ile. Yeyote."

Yeyote alikuwa ameshasimama, anafunga kifungo cha koti.

"Samahani, mama, sikukusudia kusikiliza ya watu. Daktari Tidwell. Tarvania nimekaa miaka sita."

Mama akajitambulisha kuwa Geraldine Oosterhout, mkurugenzi wa shirika la misaada. "Wanahitaji nini hasa, Daktari?"

Lamont alikuwa amemwona mbuzi mara moja maishani, kwenye maonyesho ya kilimo Maryland, na mbuzi yule alimlia kofia. "Mbuzi," akasema. "Elfu tatu."

Msicheke. Iko mikakati iliyoanza na utafiti mdogo kuliko huo.

Wakakubaliana alipwe akikabidhi kazi. Lamont akanakili kurasa hamsini za mkakati wa nchi nyingine, akabadilisha jina. Geraldine akazipitia kwa kalamu nyekundu.

"Umeandika Tarvania ina pwani ndefu. Nchi ya milimani, pwani ya wapi?"

"Ya ziwa, mama."

"Na wenyewe umewauliza?"

"Wenyewe akina nani?"

"Watarvania, Daktari."

Hilo halikuwa limempitia akilini. Akamtafuta dereva teksi Mtarvania, naye akampigia simu shangazi yake kule Tarvania, Bi Zlatena, mtengeneza jibini, na dereva mwenyewe akawa mkalimani.

"Mbuzi?" alisema Bi Zlatena. "Mwanangu, hapa mbuzi ni wengi kuliko watu. Tuletee walaji. Jibini yangu inaozea huku, soko liko ng'ambo, na daraja lilichukuliwa na mto mwaka juzi."

Lamont akacheka. Kesho yake akapiga tena kuuliza mto una upana gani. Keshokutwa akapiga kuuliza lori la jibini lina uzito gani. Akashinda maktaba, akamsumbua mhandisi mstaafu mpaka yule mzee akamchorea nguzo. Akaandika kurasa sitini na mbili kutoka kichwani mwake mwenyewe, akajionea haya kama mwizi aliyekutwa akifunga mlango wa watu ulioachwa wazi.

Akakabidhi Ijumaa. Jumatatu alipofuata malipo, ofisi ilikuwa tupu.

"Mkurugenzi?" mlinzi akashangaa. "Yule mama alikodi chumba kwa wiki tatu. Mimi aliniambia anafundisha dansi."

Mwezi ukapita. Lamont akasikia wafadhili wanazindua mkakati wa Tarvania hotelini, akapenya akiwa na beji ya mtu anayeitwa Priscilla. Jukwaani alikuwa Geraldine, anapigiwa makofi kwa kurasa sitini na mbili. Ulipofika wakati wa maswali, Lamont akanyanyuka kumuumbua.

"Jina lako, tafadhali?" Geraldine akauliza kwa upole.

Lamont akaitazama beji. "Priscilla," akasema, na ukumbi ukaangua kicheko. Akaifunika beji kwa kiganja. "Ukurasa wa arobaini umelihamisha daraja. Hapo mto una upana wa mita tisini. Penye mwamba, lilipopangwa kwanza, ni thelathini. Kwa nini?"

Geraldine akafunua kurasa kwa muda mrefu. "Kosa la uchapaji."

Baadaye akamkuta Lamont kwenye meza ya vitafunio.

"Nilikujua siku ile ile. Mtaalamu wa kweli angedai malipo ya awali kabla hajavuta kiti."

"Umeniibia, mama."

"Nimemwibia mwongo, dhambi ndogo. Balaa ni kwamba hawa wanataka lijengwe kweli. Nilidhani wanataka karatasi, kama wenzao. Fedha zinakwenda kwa mkandarasi, mimi sioni senti mpaka daraja lisimame. Na Tarvania siijui hata kwenye ramani."

Akamsogezea mkataba: msimamizi wa ujenzi, miezi kumi na minane, kazini saa moja asubuhi. Lamont alikuwa amekimbia polisi wa majimbo manne, ila hajawahi kuogopa karatasi hivyo. Akaomba kalamu.

Alipofika mtoni, bibi mfupi mwenye gumboti alimpima kwa macho toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye Daktari?"

"Hapana, mama," Lamont akajibu kwa Kitarvania cha kuungaunga. "Mimi ni yule aliyekuwa anakupigia simu."

Bi Zlatena akamkabidhi beleshi.