Hakuna Kuzama Baada ya Kura

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejiunga na mafunzo ya kuzama kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa, kwenye bwawa la hoteli hapa mjini. Sikwenda kustarehe. Mwishoni Kocha Barnaba atamwajiri mmoja wetu awe mlinzi wa bwawa. Senge Zipporah, shangazi yangu ninayeishi kwake Shirere, amesema nikikosa hiyo kazi nirudi Iguhu nikapalilie miwa ya babu. Ati Sydney unakulanga tu na kulala.

Sheria ya kwanza: hakuna kuzama peke yako. Mmoja chini, mwenzake juu akimwangalia, bila simu, bila porojo. Mwenzangu ni Shantel, msusi wa nywele. Nilimwambia ana bahati. Akauliza bahati ya nini.

Mpinzani ni mmoja tu, Tariq wa Mumias. Mpole, hasemi sana. Hana kitu isipokuwa pumzi.

Jumanne, 5 Agosti
Kocha amefundisha kulegea. Unakaa kando ya maji, unapumua polepole, unalegea kama nguo kwenye kamba. Nikaona ni kupoteza wakati. Nikahema haraka haraka kama mbwa aliyetoka kufukuza pikipiki, nijaze hewa kumshinda Tariq. Kabla sijazama Kocha alinidaka kisigino. Akasema kuhema hivyo hakuongezi hewa, kunadanganya mwili tu usidai kupumua, halafu unazimia chini bila onyo. Shantel akasema nikahemee nyumbani, yeye hakuja hapa kuvuta maiti.

Tariq alizama, akarudi akitabasamu. Mtu wa kutabasamu hivyo si wa kuaminika.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo masikio. Ukishuka, unabana pua na kusukuma hewa taratibu mpaka yafunguke. Yakikataa, unapanda, hakuna kulazimisha. Yangu yalikataa. Nikapanda, nikasema nimesahau kitu juu.

Habari kubwa iko ubaoni. Kocha ameandika tangazo la Jumamosi kwa chaki: HAKUNA KUZAMA BAADA YA KURA. Wenzangu walisoma wakaenda zao. Mimi nikasimama, nikafikiri. Kumbe mlinzi atachaguliwa kwa kura, na zikishapigwa mafunzo yamekwisha! Wao wanahangaika na pumzi, na hii ni siasa. Siasa za huku nazijua: mgombea hulisha watu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilichinja jogoo wa Senge alipokwenda sokoni. Obusuma, yaani ugali wetu, na ingokho, kuku mwenyewe, mchuzi wa kutosha. Wapiga kura walikula kando ya bwawa mpaka wakalamba vidole. Shantel aliongeza mara mbili, akaniita mheshimiwa. Tariq peke yake ndiye aliyeuliza nani amechinja. Nikajigamba kuwa ni mimi, kwa mkono huu. Akashukuru kwa adabu, akasema basi hawezi, akaendelea na maji yake ya chupa.

Kocha akaja, akaona mifupa. Akauliza kama hatujui kusoma. Nikamjibu tulisoma vizuri, na kura bado hazijapigwa. Akasema kura ni kura, kutia chakura mdomoni, na tumbo likijaa pumzi inakosa nafasi, tena chakura kinaweza kurudi mtu akiwa chini. Kumbe ni kula. Ulimi wake umegeuza, na chaki imefuata ulimi.

Walioshiba tuliwekwa kando. Aliyezama ni Tariq, Kocha akiwa juu akimlinda. Akashuka kama jiwe, akapanda bila haraka, akavuta pumzi zake vizuri kabla ya kusema neno. Kila mtu akapiga makofi, pamoja na waliokula kuku wangu.

Tulipokuwa tukiondoka Kocha akatangaza kwamba Jumatatu hakuna kuingia majini, itakuwa kura tu, na mtu asikose. Safari hii nimemwelewa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilishinda njaa tangu jana mchana. Nikaenda na kijiko.

Kocha alizungumza sana. Kwamba anayekaa juu ndiye ameshika roho ya aliye chini, kwa hivyo tuchague sisi wenyewe nani atushikie zetu. Nilisikia nusu, nilikuwa natafuta sufuria kwa macho. Akasema walio upande wa Sydney wainue mkono. Mikono ikainuka, tena mingi. Mimi sikuinua, kwa sababu upande wangu najua sikupika kitu. Akasema walio upande wa Tariq. Nikajiambia mtu wa Mumias hawezi kukosa pilau. Nikainua mkono, kijiko juu.

Tariq amenishinda kwa mkono mmoja.

Alikuja kunipa pole na kunishukuru, akasema hajawahi kuona mpinzani mwenye moyo kama wangu. Nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. Shantel alicheka mpaka akakaa chini.

Senge amefunga mfuko wangu tayari. Ameuliza ilikuwaje. Nikamwambia kura zangu zimeibwa. Akasema cha kuibwa anachokijua yeye ni jogoo wake, na gari la Iguhu ni kesho asubuhi.

Sawa. Babu ana bwawa la samaki. Nitafungua shule yangu ya kuzama, kocha niwe mimi. Siku ya ufunguzi nitachinja mbuzi, wanafunzi washibe kwanza.