Kitabu Kimoja cha Safari ya Dada

Jumatatu, 4 Mei

Siku njema kuliko zote mwaka huu, na chai haijapoa bado.

Dada yangu mkubwa ametangaza mezani kwamba mwezi ujao anasafiri. Anakwenda ile nchi aliyoiota pamoja na marehemu mumewe. Nchi ya makanisa yaliyochongwa ndani ya miamba, misikiti ya miaka elfu, mahekalu, mapango ya watawa. Kila jiwe huko limeombewa na mtu. Nafasi zilizoandikishwa ni mbili. Ya pili ilikuwa ya shemeji. Shemeji hatunaye tena, lakini nafasi ipo!

Dada hakusema atakwenda na nani. Alisema anataka kitabu cha kuongoza wasafiri. Kimoja tu, maana begi lake ni dogo na goti lake ni bovu. Tumtafutie, mimi na Mpima, ndipo tuzungumze mengine. Mimi si mtoto mdogo. Nimeelewa. Atakayeleta kitabu ndiye atakayepanda ndege.

Mpima ni jirani yetu. Mpima ardhi mstaafu, rafiki wa chanda na pete wa marehemu shemeji. Hupima kila kitu. Juzi alimwambia Dada kwamba sakafu ya sebule yetu imeinama kidogo kuelekea jikoni. Nani alimuuliza?

Mimi ni fundi wa majalada katika maktaba ya mji. Miaka thelathini na moja nashona vitabu vya safari za watu wengine, na mwenyewe sijawahi kuvuka kituo cha mwisho cha basi. Inaniuma. Sijawahi kumwambia mtu.

Kitabu ninacho. Kurasa 912, kazi ya wanazuoni watatu, kimechapwa miaka arobaini iliyopita. Mkutubi Mkuu alikitupa, nikakiokoa, nikakivisha jalada jipya la kitambaa cha buluu. Leo nimekiweka kwenye mizani ya vifurushi. Kilo mbili na robo! Mpima na alete chake.

Jumanne, 5 Mei

Nimemsomea Dada baada ya chakula cha mchana.

Kwenye kioo cha kabati lake kuna kadi ya posta. Shemeji ndiye aliyeichomeka hapo. Inaonyesha mlango wa mbao wa kanisa lililo juu ya genge. Dada anataka kuuweka mkono wake juu ya mlango huo. Basi. Hataki kingine. Nikafungua ukurasa wa 437, penye mlango huohuo.

Wanazuoni wametumia kurasa kumi na moja kueleza ugomvi wa maaskofu wawili juu ya ufunguo wake. Nikasoma kwa sauti nzito. Dada akauliza ngazi ni ngapi. Nikamwambia askofu wa kwanza alikuwa mtu wa hasira. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwambia askofu wa pili alikuwa na hasira zaidi. Nilipofika kwenye suluhu alikuwa amelala, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

Mara Mpima akaingia bila hodi, eti anarudisha nyundo. Akasema maktabani kwetu kuna kitabu chembamba cha nchi hiyo. Kinahesabu ngazi. Kinataja mabenchi. Kinaonyesha vyoo. Dada aliamka kwenye neno vyoo. Akamwambia Mpima, mwongozo wa namna hiyo ndio aliokuwa akiutafuta siku zote. Alikuwa anasema kitabu au mtu? Sikuuliza. Chai ilinishuka kama mchanga.

Jumatano, 6 Mei

Nimefika maktabani kabla ya mfagizi. Nimekipata. Kurasa 140, jalada jeupe, na upande wake wa chini neno moja kubwa jekundu kutoka ukingo hadi ukingo: MWONGOZO. Hakuna mwanazuoni hata mmoja. Nimekichukua hadi karakana yangu.

Tatizo: kitabu kilikuwa kizima. Fundi hawezi kukaa na kitabu kizima, Mkutubi Mkuu ataniuliza. Nikafunga mlango. Nikaling'oa jalada. Miaka thelathini na moja sijawahi kung'oa jalada zima! Lililia kriii.

Saa tatu Mpima huyo. Mkutubi Mkuu akamwelekeza kwangu. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia kitabu kiliumia vibaya, gundi haijakauka, arudi wiki ijayo au ile nyingine. Akasema atasubiri. Akakaa kwenye kigoda changu, akapima karakana kwa hatua zake, akaniarifu kwamba meza yangu haiko sambamba na ukuta. Aliondoka saa sita. Nimeisogeza meza. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alhamisi, 7 Mei

Kitabu chembamba kiko mezani, kimelala uchi bila jalada. Nimekisoma ili nijue udhaifu wa adui.

Ukurasa wa 61. Mlango wa Dada. Ngazi 612, nyingine za kupanda kwa mikono na magoti. Goti lile halipandi hata ngazi za posta. Angefika huko, asimame chini, autazame mlango ule kwa mbali kama anavyoutazama kwenye kioo cha kabati. Na mimi ningekuwa pembeni yake na maaskofu wangu wawili.

Kisha mstari wa chini: kwa nyuma ipo barabara ya gari, iliyojengwa miaka mitano iliyopita, inayofika hadi ua wa kanisa. Kutoka hapo ngazi ni tisa, zina pa kushikia. Choo kiko mkono wa kulia.

Nakiri niliona haya. Nilikuwa nimemfichia dada yangu barabara.

Ningeweza kukirudisha chumbani mwa vitabu wakati uleule. Niliinuka kabisa. Lakini nikapata wazo bora! Nimeketi kwenye taipureta ya maktaba, nimenakili mistari ile neno kwa neno kwenye karatasi ya zamani iliyokuwa imegeuka manjano, nikaishona ndani ya kitabu changu. Ukurasa wa 437A. Kazi safi. Hata mimi sikuuona mshono.

Jioni nimemsomea Dada. Amefurahi mno! Ngazi tisa! Amenishika mkono. Akasema wanazuoni hao walikuwa watu wenye huruma, hakuwadhania. Kisha akauliza kitabu kilichapwa lini. Nikasema miaka arobaini iliyopita. Akauliza na hiyo barabara ilijengwa lini. Nikatazama ukurasa. Nikasema miaka mitano iliyopita.

Akanitazama.

Nikasema wanazuoni huona mbali. Tena nchi yenyewe ni ya manabii.

Akasema haya. Nadhani imepita.

Ijumaa, 8 Mei

Mpima amenishtaki. Alimwandikia Mkutubi Mkuu barua yenye namba za aya. Mkutubi Mkuu akateremka karakana, jambo ambalo halijatokea tangu bomba lipasuke. Akataka kuona kitabu kilichoumia. Akakigeuza, akasema haoni kidonda ila kile kilichofanywa na mkono wa mtu. Nikasema gundi za siku hizi ni za ajabu. Akasema anakitaka kwenye rafu kabla ya saa sita, la sivyo nitatafuta karakana nyingine ya kusogezea meza.

Nimefanya kazi mbio mbio, jasho kichwani. Gundi, kitambaa cha mgongoni, jalada lilelile jeupe, kukandamiza. Mwisho lebo ya ukarabati. Kanuni ya maktaba ni lebo ikae kona ya chini kulia, na juu yake kuandikwe neno Fundi, kisha sahihi. Nikabandika, nikasaini, nikakimbia nacho juu. Saa sita kasoro dakika moja.

Mpima alikuwa anasubiri pale kwenye rafu, saa mkononi. Aliliangalia jalada kwa muda mrefu. Akakohoa. Akasema kazi yangu ni ya ukweli kabisa.

Nimejiuliza jioni nzima alikuwa na maana gani. Labda anaanza kunistahi.

Jumamosi, 9 Mei

Siitaki siku hii. Naiandika kwa sababu shajara ni shajara.

Mpima alikuja saa nne, kanyoa ndevu. Akamkabidhi Dada kitabu chembamba kwa mikono miwili. Dada akavaa miwani, akalisoma jalada kwa sauti, polepole, kama anavyosoma barua za hospitali.

MWONGO. Fundi. Kisha akasoma jina langu.

Lebo ilikuwa imekaa juu ya ZO! Kona ya chini kulia, sawasawa na kanuni. Nilitaka sakafu yetu iiname zaidi, nibingirike hadi jikoni.

Hakucheka. Akafungua ukurasa wa 61. Akavuta kitabu changu cha buluu, akafungua 437A. Akaviweka sambamba na kufuata mistari kwa kidole, huku na huku, hadi choo mkono wa kulia. Kisha akauliza, kwa upole, na upole wake ndio unaoua: tangu Jumatano ulijua kilipo kitabu hiki?

Nikasema tangu Jumatano. Nikamweleza yote. Kung'oa, gundi, taipureta. Nilipofika kwenye kituo cha mwisho cha basi sauti ilinikatika. Sikupanga ikatike.

Mpima akasema mbona hakuna ugomvi. Yeye hapandi ndege, hata aitiwe na rais. Huwa anahesabu skrubu za bawa mpaka anaugua. Alichotaka ni kumwona mke wa rafiki yake akifika mlangoni, kwa kuwa rafiki yake alimwomba hivyo hospitalini. Akachukua kofia yake akaenda zake.

Dada akaishika lebo juu ya mvuke wa birika mpaka ikalegea, akaibandua bila kuchana hata uzi. ZO ikatokea. Angekuwa fundi mzuri. Kisha akanieleza kwamba fomu ya safari aliipeleka ofisini wiki tatu zilizopita. Katika nafasi ya pili aliandika jina langu. Alifikiri ninajua. Nani mwingine angemwandika? Alichokuwa anatafuta ni kitabu, mdogo wangu, kitabu tu.

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Akaongeza kwamba leo asubuhi, ile barabara ya miaka mitano ikiwa bado kichwani mwake, alipiga simu ofisini kuuliza kama jina linaweza kubadilishwa. Wamesema haiwezekani, muda umepita. Akasema nimshukuru karani wao. Kisha akanimiminia chai.

Tunakwenda na kitabu chembamba. Kimoja. Amerudia mara mbili: kimoja.

Jumatatu, 11 Mei

Nimetulia kama maji mtungini. Nimeifikiria wiki yote iliyopita bila upendeleo na somo nimelipata. Nitaliandika hapa nisije nikalisahau.

Kosa lilikuwa lebo.

Mengine yote yalikwenda vizuri. Kitabu chembamba nilikipata kabla ya mtu yeyote, barabara ya nyuma nikaigundua mimi, na nafasi ya pili ni yangu. Ukitazama matokeo, mpango umefaulu.

Ninamheshimu Dada. Lakini siku tukifika mbele ya mlango ule, mkono wake uko juu ya mbao, ataniuliza tu: mdogo wangu, ilikuwaje habari ya huu ufunguo? Kitabu chembamba hakina askofu hata mmoja. Nitamjibu nini? Mabenchi?

Alisema kitabu kimoja. Sawa. Juu ya vijitabu hakusema neno. Leo nimekifungua kile cha buluu uzi kwa uzi, nikakigawa sehemu saba, nikashona kila sehemu peke yake. Vyembamba, vinapendeza. Viwili vitaingia katika bitana ya koti langu, kimoja katika kofia. Vinne nimevilaza chini kabisa ya begi la Dada, kati ya shali na taulo, ambako hataangalia. Na kama ataangalia, kila kimoja kina jalada la kijani lenye maandishi manene: MAZOEZI YA GOTI, Sehemu ya Kwanza hadi ya Saba.

Lebo nimezibandika nyuma.