Boti Inayotema Maji

Jumanne, 10 Juni 2025

Mdomo wangu huu utanizika! Mzee Mayige, baba yake Felisita, ameniuliza mbele ya wazee wa posa kama ninajua mashine za boti. Mimi, mzaliwa wa Bukundi, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la ng'ombe! Kazi yangu ni mashine za kusaga. Nikajibu kwamba mashine za boti nimezizoea tangu Mwanza. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Felisita akaniangalia kwa jicho la kunijua.

Boti ya mzee inatoa moshi mweupe na mashine inachemka. Jumapili itapeleka kwaya ya parokia kisiwani. Mzee anakwenda Bariadi kwa mambo ya pamba, atarudi Jumamosi. Akikuta mashine imepona, atataja siku ya ndoa. Asipoikuta imepona, kazi atapewa Athanasi, fundi wa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, ambaye naye aliwahi kumtaka Felisita.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeingia botini kwa magoti. Mbao zinacheza! Nimewasha mashine ya dizeli, nikachungulia nyuma huku nimekumbatia nguzo. Mungu wangu! Bomba la moshi linatema maji!

Mashine ya kusaga ikitema maji kwenye moshi, ujue imepasuka kichwa. Nikafuata mipira ya maji kwa mkono, nikakuta mmoja unatoka kwenye tundu lililotobolewa chini ya boti. Nani mwenye akili anatoboa boti chini? Ziwa zima linaingia kwenye mashine ya baba mkwe!

Athanasi alipita ufukweni akaniambia nikague magugu kwenye mdomo wa mpira huo, kwamba huenda yameziba. Nikamshukuru kwa adabu. Mtego huo! Anataka nifungue ziwa linimeze.

Ijumaa, 13 Juni

Dawa imepatikana. Gunzi la mahindi, nimelizungushia mpira wa baiskeli. Nilipochomoa ule mpira wa maji, ziwa lilinirukia usoni nikapiga ukelele. Wanawake wanaoanika dagaa bado wananiigiza. Lakini gunzi nikalisokomeza ndani ya tundu, mpira nikaurudisha.

Nikawasha. Hata tone! Moshi mkavu kabisa, kama wa mashine yangu kule Bukundi. Nikazima upesi kabla bahati haijageuka.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee amerudi, ameona bomba kavu, akalichungulia mara mbili. Nadhani ni mshangao. Akasema mimi ndiye fundi, basi kesho nitasafiri na boti, na Athanasi atashika usukani. Sijui kuogelea! Nikaonyesha mguu unaouma. Akasema botini watu hukaa.

Kuna kubwa zaidi. Felisita ananiambia mama yake, Mama Milembe, naye ni mwanakwaya. Mkwe! Simtazami usoni, sizungumzi naye, njiani nikimwona naingia shambani mpaka apite. Sasa ndani ya boti nitaingia shamba gani? Nikamwambia Felisita nina malaria. Akasema upepo wa ziwa utanipunguzia homa.

Jumapili, 15 Juni

Mimi ni mzima.

Mama Milembe alichagua kukaa juu ya kifuniko cha mashine, penye kuegemea. Mimi nikakaa mbele kabisa, mgongo kwao, macho kwenye maji. Nchi kavu ikawa uzi. Nikasali sala zote ninazozijua, kisha nikarudia.

Mara harufu ya mpira unaoungua. Nikageuka kwa pembe ya jicho. Moshi mweupe unapanda kutoka chini ya kitenge cha mkwe! Wenyewe wanaimba. Nikampungia Felisita mkono kwa hofu. Akadhani nimependa wimbo, naye akanipungia.

Nani amwambie mama ainuke? Niliona kaburi letu sote pale majini. Nikafumba macho, nikaliambia ziwa kwa sauti kubwa kwamba aliyekaa juu ya kifuniko ainuke, mashine inaungua, nimeiziba mimi!

Kwaya ikakatika. Moshi haukuwashtua kama mimi kumsemesha mkwe. Lakini akainuka. Athanasi akazima, akafunua, akachomoa ule mpira. Likatoka gunzi langu, na nyuma yake konzi nzima ya magugu. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, kwamba maji hayo ndiyo yanayoipoza mashine, kisha hutoka na moshi. Boti isipotema maji, ndipo uogope. Tukaelea mpaka mashine ikapoa. Nililia. Kwaya nzima iliona.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeitwa. Mzee hakunisalimia. Mama Milembe alikaa ndani, nyuma ya pazia, akamtuma Felisita aniambie. Kwamba mtu yule ni mwongo na mwoga. Lakini mwoga aliyeshinda haya ya ukwe ili watu wasife, huyo atamlinda mtoto wake. Ndoa ipo. Sharti ni moja tu, nisiguse tena mashine yoyote inayobeba watu.

Nikaapa kwa Biblia. Nilitaka kulibusu pazia, nikajizuia.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya ndoa! Asubuhi ya baridi. Naandika nimesimama, shati jeupe.

Basi dogo la kupeleka wakwe kanisani linanguruma uani. Dereva anakunywa chai. Mama Milembe ameshakaa dirishani, kwa hiyo nilipita nimeinamisha uso, kama inavyotakiwa. Ndipo nikaona kule chini. Bomba la moshi linadondosha maji! Tone, tone, tone, na mkwe yumo ndani! Dereva anasema asubuhi ya baridi kila bomba hudondosha hivyo, nami nikamshukuru kwa adabu.

Hili si boti. Hapa hakuna ziwa la kupoza chochote. Na nimeapa kutogusa mashine, sikuapa juu ya bomba.

Nyuma ya jiko kuna magunzi mengi. Nimechagua lililo nene.