Majasusi Wangu Wawili wa Diani

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimethibitisha. Wanafunzi wangu wote wawili ni majasusi.

Miezi miwili nawafundisha Kiswahili hapa Diani na sikuona! Wa kwanza ni Bwana Wendell, Mmarekani, mstaafu, ndevu nyeupe. Asema amekuja kuangalia ndege. Ndege gani? Nyumba aliyopanga iko karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Ukunda. Wa pili ni Bi Qiao, Mchina, mhandisi. Kila asubuhi huenda Shimoni kupima bahari, eti kwa ajili ya gati la wavuvi. Leo ameniuliza maana ya "kina". Nikamweleza: ni umbali kutoka juu ya maji hadi chini. Akaandika. Akapiga mstari. Mistari miwili!

Mataifa makubwa mawili, mwalimu mmoja. Na mambo haya yamo katika damu yangu. Babu mzaa baba alikuwa mpishi wa konseli, yaani balozi mdogo, wa Kiitaliano kule Mombasa, miaka ile kati ya vita viwili vya dunia. Mchana akimpikia konseli biriani, jioni akiwapelekea Waingereza habari za nani amekuja kula na meli gani imetia nanga. Aliandikiwa barua ya shukrani yenye muhuri. Mimi, baada ya miaka kumi na minane ya ualimu, nimewahi kupewa kalenda ya duka la dawa.

Mpango: kila mmoja nitampa habari za mwenzake. Atakayefurahi kwanza atanipeleka kwao nikafundishe chuo kikuu. Nimemdokezea mke wangu, Twaiba. Amesema nikawape kuku pumba.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemfuata Bwana Wendell alfajiri. Yeye na darubini, mimi na kichaka. Kichaka kilikuwa na siafu.

Alinikuta nikivua shati. Badala ya kushtuka, alifurahi! Akaniamkia "shikamoo" (nina umri wa mwanawe, lakini adabu nimemfundisha mimi), akasema alikuwa akitamani mtu wa kufuatana naye. Akanipa daftari lake nimshikie. Nikasoma kila kitu. "Saa moja na dakika kumi, ndege wawili, wakielekea kusini."

Wawili! Si mbili! Ndege mbili ni za chuma, ndege wawili wana manyoya. Mjanja huyu anajificha nyuma ya ngeli. Na ngeli nilimfundisha mimi!

Saa nne na dakika ishirini ikatua ndege ya abiria kutoka Nairobi. Hakuiandika. Hata kichwa hakuinua. Mtu asiye na la kuficha angetazama.

Ijumaa, 8 Agosti

Ripoti ya kwanza imefika kwa Bi Qiao. Kurasa mbili, Kiswahili sanifu, kichwa cha habari: "Mienendo ya Mzee Fulani Karibu na Uwanja". Nikaisukuma juu ya meza.

Akanishukuru. Akatoa penseli. Akapigia mistari maneno mapya, kisha akauliza tofauti ya "kuchungulia" na "kuchunguza". Mwishoni akauliza kama maswali ya ufahamu yako ukurasa wa nyuma.

Utulivu ulioje! Hata kope hakupepesa. Hawa watu hufunzwa tangu utotoni.

Kabla ya kuondoka aliuliza maneno mengine matatu: kuzama, kuibuka, pumzi. Nyambizi! Sina shaka tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwona Bwana Wendell na Dishon wakinywa madafu pamoja.

Huyu Dishon ni mtu wa bara, naye hufundisha Kiswahili, hotelini. Kiswahili! Mtu anayesema "naendanga"! Nikapita karibu kana kwamba natafuta samaki. Bwana Wendell akanipungia mkono na kusema, "Niaje, Mwalimu!"

Niaje. Miezi miwili ya shikamoo na marahaba, kisha niaje.

Dishon asema walikuwa wakizungumza habari za korongo, ndege wa kwao bara. Korongo! Bila shaka ni jina la siri. Lazima niharakishe kabla hajaniwahi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeipata! Leo nalala mtu mkubwa.

Niliwapa kazi ya nyumbani: andika barua ya kirafiki. Bi Qiao ameniletea yake imekunjwa mara nne. Akaniomba niisahihishe nisimwonyeshe mtu, kwa sababu Kiswahili chake bado kibovu. Kibovu! Makosa matatu tu katika ukurasa mzima. Naiandika hapa kwa kumbukumbu:

"Baba mpendwa, leo nimepima tena. Karibu na ufuo kina ni mita nne. Mbele kidogo ni mita kumi na moja. Kisha mita thelathini, na hapo maji huwa meusi. Mashine yangu hunipa nambari, lakini hainiambii wewe uko mita ya ngapi. Pumzi yangu haifiki huko."

Nne, kumi na moja, thelathini. Vipimo vya lango la bahari! Na "Baba" ni nani kama si mkubwa wake wa kazi?

Nimemsomea Twaiba ili aone ameolewa na nani. Akaacha kukuna nazi. Macho yakamlengalenga. Akasema, "Luqman, mtoto wa watu amwandikia babake aliyekufa maji. Wewe waona nambari?"

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo adui atakavyo tuone. Akasema barua hiyo nikiipeleka popote nitajuta.

Wanawake hawana moyo wa kazi hii.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempelekea Bwana Wendell ile barua, ndani ya gazeti lililokunjwa.

Aliisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Ilichukua karibu saa nzima. Mimi nikawa nafikiri nitabeba koti gani huko kwenye baridi. Kisha akavua miwani. Akauliza kama mwenye barua anajua kwamba nimemletea. Nikamjibu kwa fahari kwamba hajui wala hatajua.

Akaikunja barua mara nne, kama ilivyokuwa. Akasema, "Mwalimu, hii si yangu. Wala si yako."

Sarufi sahihi kabisa. Nikaona fahari kidogo, kisha nikahisi kitu kingine nisichokijua jina. Akasema ataipeleka kwa mwenyewe sasa hivi, na kwamba masomo yetu yamefika mwisho. Akaenda bila darubini yake.

Mbinu? Huenda ni mbinu. Lakini jasusi hasahau darubini.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Qiao alikuja saa ile ile ya somo. Hakukaa. Barua ilikuwa mkononi.

Alisema polepole, kama anayevuka daraja bovu. Baba yake alikuwa mzamiaji, akitengeneza nguzo za bandari chini ya maji. Siku moja hakuibuka. Wakati huo Bi Qiao alikuwa na miaka tisa. Kwa lugha yake hawezi kuyasema hayo, kwani akianza tu hulia, na mama yake naye hulia. Kwa Kiswahili huweza, kwa sababu kila neno inabidi alitafute kwanza.

Kisha akasema, "Nilikuomba usimwonyeshe mtu."

Miaka kumi na minane ya ualimu, nami nikageuka kufuta ubao mtupu.

Akaondoka. Twaiba alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. Ameniambia nikaombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, la sivyo yeye aenda kwao Munje na kuku wote. Hajapandisha sauti. Hilo ndilo linalotisha.

Nimesikia wanafunzi wangu wote wawili sasa wako kwa Dishon. Wamewekwa darasa moja! Mmarekani na Mchina, benchi moja! Basi ni Dishon aliyepanga haya yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa nimekwenda Shimoni. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kurasa tatu. Nilipomwona amesimama kwenye gati na kofia ya kazi, akitazama maji, ikanitoka yote kichwani.

Nikasema, "Bi Qiao, nimekukosea. Nisamehe." Basi.

Nikasimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha akasema, "Yamekwisha, Mwalimu. Nitarudi kusoma Jumatatu." Kwa Dishon, asema, anacheka sana lakini hajifunzi ngeli. Akaingia ofisini, akarudi na pakiti ndogo ya majani ya chai kutoka kwao, akanipa kwa mikono miwili.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Twaiba. Ameshukuru Mungu. Amenipikia wali wa nazi. Kwa kweli nimejiona mdogo leo. Nimeapa kuachana na mambo haya.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikulala vizuri. Nimeyarudia maneno yake. "Yamekwisha." Yapi? Hakutaja! Mtu akisamehe husema nimekusamehe. "Yamekwisha" ni neno la kufunga awamu ya kwanza. "Nitarudi Jumatatu" ni miadi. Na zawadi kwa mikono miwili, mbele ya wafanyakazi wote, ili kila mtu adhani ni zawadi!

Lile lilikuwa jaribio. Nimefaulu. Nimeajiriwa.

Twaiba alipokwenda sokoni niliimwaga chai yote juu ya ungo wake na kuyachambua majani, moja moja, kwa miwani ya kusomea. Hakuna kitu. Ndani ya pakiti, hakuna. Chini ya lebo, gundi tu.

Kazi safi sana. Kesho nitayachemsha, nione kama maandishi yatatokea.