Msonobari Katika Trei ya Keki

Jumapili, 3 Machi
Shemeji ameshinda tena. Kaka wa mke wangu, daktari wa meno, kapata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya bonsai, ile miti inayodumazwa chunguni, kwa kijiti alichokinunua dukani kikiwa kimeshapindwa tayari. Ukoo mzima ulipiga makofi. Mimi pia, kwa roho safi kabisa. Nikamwambia kwa upole kwamba mti wa kununua ni sawa na jino la bandia. Akacheka, akaniuliza wangu uko wapi.
Nikasema uko njiani.

Jumamosi, 9 Machi
Tumekwenda kumjulia hali baba mkwe, kule mlimani. Mke wangu na mama yake waliposhika mazungumzo, nikatoka kupunga upepo. Kumbe nafuata riziki! Nyuma ya shamba, juu ya jabali, msonobari wenye umri wa babu yangu na kimo cha goti langu. Upepo umeupinda, mwamba umeunyima chakula, shina limekunjamana kama uso wa mtu anayedaiwa. Uzuri mtupu.
Kitu cha porini hakina mwenyewe. Sheria hiyo nimeitunga leo. Nikaung'oa kwa mtaimbo wa baba mkwe. Mzizi mkuu uligoma, nikaukata. Mke wangu nimemwambia kwenye gunia kuna mboji.

Jumapili, 10 Machi
Mizizi ilikuwa na ukungu mweupe. Uchafu wa porini. Nimeisugua kwa sabuni mpaka ikatakata. Chungu cha bonsai kinatakiwa kiwe kipana na kifupi. Trei ya keki ya mke wangu ni pana na fupi. Nikaitoboa. Matawi nikayafunga waya na kuyakunja. Moja likavunjika, lakini lilikuwa linaharibu umbo.
Jioni mke wangu akaitafuta trei yake. Nikamsaidia kutafuta.

Alhamisi, 14 Machi
Shemeji kaja. Nikampeleka kibarazani, nikafunua shuka. Aliutazama mti kama anayetazama kinywa kilichooza. Akasema ule ukungu ndio uliokuwa ukiulisha, na kwamba msonobari ukifa hubaki kijani wiki kadhaa kabla ya kuonyesha. Wivu huo. Maiti ya kijani iliwahi kuonekana wapi?
Akauliza nimeutoa wapi. Msituni, nikasema. Mbali.

Jumatatu, 18 Machi
Baba mkwe kapiga simu. Yeye na jirani yake, fundi saa mstaafu, nusura washikane mashati. Msonobari wa jabalini umetoweka. Ndio uliokuwa alama ya mpaka tangu enzi za baba zao, na kila mmoja anadai mwenzake kaung'oa ili ameze ardhi. Sasa wanatishana mahakama. Ananiomba niende kuwasuluhisha.
"Wewe peke yako ndiye tunayekuamini sote wawili, mwanangu," alisema.
Mwishowe mtu katambua busara yangu. Nimekubali. Mti nimeufunika shuka nzito zaidi.

Jumamosi, 23 Machi
Nilianza vizuri. Wazee walikaa wakipeana visogo. Nikawahoji, nikakuna kidevu, nikatamka kwamba huenda ni mbuzi. Fundi saa akauliza ni mbuzi gani anayetumia mtaimbo, maana mwamba umechubuka. Nikamjibu kwamba dunia imebadilika.
Hapo gari la shemeji likasimama. Alikuwa amesikia kisa kwa baba yake, akapiga hesabu. Akashuka mke wangu, kashika trei, sindano za msonobari zikidondoka nyuma yake. Hakupaza sauti.
"Baba, mpaka wenu huu hapa. Mimi nimefuata trei yangu."
Baba mkwe aliutazama mtaimbo wake, kisha mimi. Heri angenitukana. Nikajitolea kuurudisha mti pale pale. Tatizo ni kwamba jabali lile lina nyufa nyingi na zote zinafanana. Nikaupachika nilipodhani. Fundi saa akalalamika kwamba nimempunja. Baba mkwe akalalamika kwamba aliyepunjwa ni yeye. Wakatazamana, wakanigeukia, wakanisema kwa pamoja, mmoja akianza na mwenzake akimalizia. Wakakubaliana mpaka uwe wa mawe. Kuyabeba, mimi. Wao wakanywa chai kivulini, kiti kwa kiti, wakicheka sijui nini.
Gari la shemeji lilikuwa limejaa, alisema. Watu wawili na trei. Nikarudi kwa basi.

Jumapili, 24 Machi
Mgongo umekufa ganzi. Mto wangu umehamishiwa sebuleni. Lakini ukweli usemwe: wazee wale sasa ni chanda na pete, na ni nani aliyewapatanisha? Shukrani hakuna. Binadamu ndivyo walivyo.
Ila Mungu hamtupi mja wake. Jana, kupitia dirisha la basi, nikauona msonobari mwingine kando ya barabara inayojengwa. Mfupi, mzee, umejisokota kama nyoka. Mshenzi fulani kaupaka rangi nyekundu na kuuandika namba shinani, lakini mafuta ya taa yataitoa. Wanaume wenye kofia za plastiki walikuwa wakiukodolea macho kwa darubini ya miguu mitatu.
Kwa hiyo na wao wameuona. Lazima niwawahi.