Karani Danson Aeleza Mchanga Ni Kitu Gani

Aibu yenu, watu wa laini hizi za wachuma chai! Karani akitema Kizungu mnapiga makofi kama watu waliorogwa. Ojwang, mikono bado inakuwasha? Mimi nyanya yenu Jerusa sikusoma, lakini masikio sikuziba. Sasa kaeni niwarudishie hotuba ya Danson yote, msikie kile mlichoshangilia.

"Bwana Meneja ambaye yuko safari, Bibi Meneja ambaye yuko safari naye, manyapara wa majani chai, wazee wa kanisa, wenye viatu na wasio na viatu: mimi ni Danson, Karani Mkuu na Cheamani wa Komiti ya Sakafu (makofi).

"Mnauliza sakafu ya simiti ya nyumba ya watoto iko wapi, ati funza wanawala vidole. Swali zuri. Lakini kabla ya sakafu ni lazima tufanye investigesheni (makofi): mchanga ni nini? Mchanga, kwa uchunguzi wangu wa miezi minne, ni jiwe lililokosa msimamo. Neno lenyewe lilizaliwa pwani, likapanda gari la moshi daraja la tatu, likashuka stesheni ya Lumbwa, na ndiyo sababu sisi Wagikuyu tuliokaa nalo behewa moja tunasema muthanga, lakini Mjaluo, ambaye hakununua tikiti, anasema kuoyo (kicheko; hata wewe Amolo, Mjaluo, ulicheka ukitukanwa). Kwa Kizungu ni sandi (makofi mpaka vumbi likaamka)."

Hapo Wilkista akasimama na mtoto mgongoni. "Karani, huyu wangu hawezi kukanyaga chini."

"Keti, mama, tuko kwa stetistiki (makofi). Asilimia tisini na nane ya mchanga ni mchanga; iliyobaki iko ofisini. Nyinyi kina mama mmebeba madebe mia tatu na kumi kutoka mtoni, Jumapili baada ya Jumapili, nami nilisimama nikiwatazama bila kuchoka (vigelegele). Mchanga juu! Maendeleo juu! Komiti juu zaidi! Ahsanteni kwa mchanga, umeshikana vizuri sana na simiti ya veranda yangu. Hiyo sakafu ya watoto haikuwa kwa pulani hata siku moja."

(Makofi. Kwa sababu alisema pulani.)

Basi inukeni. Wilkista tangulia, na kila mama abebe wake mwenye funza. Tandikeni mablanketi kwa hiyo veranda, watoto walale hapo, na mtu asitoke mpaka Meneja arudi awakute.