Gunia la Mfano

Kwa heshima na taadhima, Kurugenzi ya Ubora wa Kahawa inautangazia umma kwamba kwa miaka sita mfululizo haijawahi kukuta punje hata moja mbovu. Mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Sampuli, kwa hiyo habari hizi sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Siri ya mafanikio yetu ni gunia moja. Zamani, kabla ya maboresho, waonjaji walikuwa wakichoma kila gunia lililoingia ghalani kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, wakachota punje kidogo, wakakaanga, wakaonja. Kazi ya wiki nzima! Mkurugenzi wetu alipoingia madarakani akasema huo ni ushamba. Akachagua gunia moja zuri, akaliita Gunia la Mfano, akalipa chumba chake, feni, na mlinzi ambaye huvua kofia kabla ya kuingia. Tangu hapo sampuli zote zinachotwa humo. Na ukutani akatundika Kanuni ya Kwanza, aliyoitunga mwenyewe: “Sampuli ikifaulu, shehena yote imefaulu. Sampuli ikifeli, shehena yote imefeli.” Sentensi ya pili hatukuwahi kuihitaji.

Mkorofi alikuwa mmoja tu, naye, aibu yangu, ni shangazi yangu. Huyu ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na ndiye aliyeniombea kazi hapa. Alikuwa mwonjaji mkuu kwa miaka ishirini na miwili. Anaivuta kahawa kwenye kijiko kwa kelele kama bomba linaloishiwa maji, kisha anatema kwenye ndoo. Mkurugenzi alikuwa akisikia sauti ile anafunga dirisha.

Ijumaa moja shangazi akaingia ofisini kwa Mkurugenzi, bambo mkono huu, punje za kahawa mkono huu.

“Bosi, shehena ya safari hii imevunda. Paa la ghala linavuja. Hebu nusa.”

Mkurugenzi hakunusa. Alinigeukia mimi. “Sampuli imepata ngapi?”

“Tisini na mbili, mkuu.”

“Umesikia, mama? Tisini na mbili. Weka saini.”

“Hiyo ni ya gunia lako la feni. Hizi zimetoka ghalani!”

“Ghala halikuombwa maoni.”

“Basi sisaini. Watu wanywe ukungu huu na jina langu liko juu yake? Ng'o!”

“Kama husaini, kazi huna.”

Barua za kuachisha watu kazi huandikwa na mimi. Nilimkabidhi yake Jumatatu asubuhi, jikoni kwake, kwa kuwa ninaishi kwake. Alikausha mikono, akaisoma yote mpaka mhuri.

“Umeiandika vizuri, mwanangu,” akasema. “Kosa hakuna hata moja. Haya, kunywa chai, inapoa.”

Niliona haya, sifichi. Chai niliiacha mezani. Lakini fomu haina nafasi ya kujaza haya, nikaenda kazini.

Shehena ikasafiri. Baada ya wiki tano ikarudi yote, gunia kwa gunia, na harufu iliyowafanya majirani wa ghala wahamishe kamba zao za kuanikia nguo. Wizara ikamtuma mkaguzi, mama mmoja mfupi, mpole, mwenye birika na vikombe vitatu kwenye begi. Aliisoma Kanuni ya Kwanza pale ukutani mara mbili.

“Nani aliitunga hii?”

“Mimi,” akasema Mkurugenzi, akinyoosha tai.

“Nzuri sana. Nilitumwa nikague maofisa wote arobaini, kumbe mmenirahisishia. Sampuli yenu ni nani?”

“Mimi hapa! Nani mwingine?”

Mkaguzi akamimina vikombe vitatu. Kimoja kilikuwa kahawa ya Gunia la Mfano, cha pili kahawa ya shehena iliyorudi, na cha tatu maji ya moto yaliyokorogwa na masizi ya sufuria. Mkurugenzi hakuambiwa kipi ni kipi. Akaonja kimyakimya, kistaarabu, bila kutema.

“Hiki kimevunda, mwaga,” akasema, akisukuma kile cha Gunia la Mfano. Mlinzi wa gunia akashika kichwa. “Hiki cha pili kinanyweka. Lakini hiki cha tatu, aisee! Hii ndiyo kahawa yetu. Tisini na tano!”

“Sampuli imefeli,” akasema mkaguzi, akaandika. “Shehena yote imefeli.”

“Hata mimi?” nikauliza.

“Umo kwenye orodha?”

“Namba mbili.”

“Basi na wewe.” Akapitisha kalamu kwenye orodha yote, juu mpaka chini. “Mbona mwonjaji mkuu simwoni?”

“Tulishamwachisha kazi,” nikasema. “Barua niliandika mimi.”

“Kwa hiyo yeye hakuwemo kwenye shehena. Mwiteni aje aongoze.”

Siku hizi sisi arobaini tuko ghalani, tunachambua ile kahawa iliyorudi, punje kwa punje. Mkurugenzi anakaa kulia kwangu, na mpaka leo anaulizia kiti chenye mto. Jana alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Bosi, gunia langu tayari. Chota hapa juu uone zilivyotakata.”

Shangazi akaja taratibu, akachoma bambo chini kabisa ya gunia, akalichomoa, akanusa.

“Mwaga,” akasema. “Anza upya.”